Kamugisha Apima Kompyuta

Evangelina alipoingia ghalani kwa Kamugisha, kule Kamuli, alimkuta mumewe Leonidas amefungwa kwenye nguzo, shati limelowa damu. Hata hivyo alianza kumwamkia yule aliyemfunga. Angefanyaje? Mtu kashika panga, utamnunia?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo kanitapeli."

Kamugisha alikuwa mnunuzi wa kahawa, mbishi hajapata kutokea. Leonidas alimletea kompyuta ya mezani kupitia mpakani Murongo, mashine ya bei mbaya, ya kisasa kuliko zote za mwaka ule wa tisini na sita, akalipwa magunia ya kahawa. Mzee akafungua kasha lake kama anavyopasua kahawa kutazama punje. Akakuta vibao vyembamba, nyaya, na nafasi tupu. Kwake yeye ganda kubwa lisilojaa ndani ni wizi, basi. Hakuuliza mtu. Alimcharaza Leonidas kwa ubapa wa panga mpaka mbavu zikalia, kisha akatumia makali, pajani.

"Wewe unazitumia mashine hizi kule misheni," alisema. "Ikiwa nzima, namwachia. Ikiwa mbovu, nammalizia."

Evangelina akalifunga kasha. Jenereta likawashwa, kioo kikawaka, na moyo ukamtulia kidogo. Mashine ile ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ya misheni ilikuwa inajikongoja. Hii ukiigusa imeshamaliza. Aliingiza hesabu za magunia ya msimu mzima, jumla ikatoka Kamugisha hajapepesa jicho.

"Ina thamani kuliko kahawa uliyotoa, mzee. Mfungue mume wangu, damu inamwishia."

"Ngoja kwanza. Mimi sinunui gunia kwa kutazama kahawa ya juu. Namwaga lote jamvini, mpaka ya chini."

Na kweli akalimwaga. Alitaka aone barua, aone picha, asikie muziki. Kila kitu kilipokubali alicheka, akajipiga paja. Evangelina alimchukia kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Kila akigeuka kumtazama mumewe alirudishwa kichwa kwenye kioo, mara ya mwisho kwa kofi lililompasua mdomo. Nyuma yake Leonidas alikuwa akiguna, kisha akaacha kuguna.

"Hii ni mashine ya maana," Kamugisha alisema hatimaye, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Nimeridhika. Haya, kamfungue."

Alimfungua. Leonidas akamwangukia mikononi, mzito, macho wazi, paja halitoi damu tena. Evangelina alimlaza chini taratibu, akamfumba macho. Ukutani palikuwa na mchi wa kutwangia kahawa. Akauchukua.

Kamugisha alipouona umeinuliwa, alidhani anajua unataka kuvunja nini. Akaikumbatia kompyuta kwa mikono yote miwili, akamgeuzia Evangelina mgongo.

Evangelina hakuwa na haja na kompyuta. Alimpiga kisogoni, akampiga tena, mpaka mikono ile ikaiachia mashine.