Mrithi wa Kisanduku

Mwaka 1993 UKIMWI ulipomchukua Karugendo, kaka yake Rugemalira alitangazwa mrithi. Machozi hayajakauka, akabeba kitanda, baiskeli, na kisanduku kilichokuwa mezani kwa mjane, Joviana, fundi redio wa Kashai aliyeanza kwa kufungua redio za jeshi zilizotupwa baada ya vita.

"Cha marehemu ni cha ukoo," alisema. Cha marehemu! Mtu ambaye hakuweza hata kubadili betri za tochi!

Kisanduku kile Joviana alikihangaikia miaka miwili, ili kipige kengele jokofu la chanjo likipata joto. Ndani mlikuwa na chipu moja inayokula umeme kidogo kuliko redio ya mkulima. Kifaa cha kuichoma programu, yaani kuiandikia maagizo yasiyofutika, kilikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo aliichoma mara moja tu, akaweka ndani yake kompyuta ya kufikirika tu: haishikiki, kazi yake kusoma amri fupi fupi na kuzitii. Ukitaka kengele ibadilike hugusi waya. Unaandika amri mpya kwa vitufe vinne.

Rugemalira akaenda mradi wa chanjo, akasema ni akili zake, akaajiriwa. Joviana akasikia. Kibanja, shamba lake la migomba, ukoo ulikwisha kumnyang'anya, akavumilia. Lakini kazi ya kichwa chake? Aliapa kumuumbua mchana kweupe. Akamwandikia mkuu wa mradi, Bi Theopista: mwambie abadili kengele kutoka nyuzi joto kumi hadi nane, mbele ya watu.

Siku ilipofika, wauguzi walijaa katika zahanati moja ya Bilele. Joviana alisimama mlangoni.

"Nane? Kazi ndogo," Rugemalira akasema, akapasha chuma cha kulehemu. Njia ya mwongo ni fupi. Aliyeyusha waya wa kwanza, wa pili. Chipu ikatoa moshi.

"Mawe, mama yangu!" muuguzi mmoja akaguta.

Joviana alicheka waziwazi, na roho ikamtulia. Akatoa mkobani kisanduku kingine, alichokiunda kwa chipu ya akiba, akakifunga kwenye jokofu, akabonyeza vitufe. Wakaacha mlango wa jokofu wazi. Kipimajoto kilipogusa nane, kengele ikalia.

"Kazi ni yako," alisema Bi Theopista. "Huyu tunamfukuza leo."

"Hapana, waitu, ndugu yangu. Abaki, awe msaidizi wangu."

Rugemalira akapiga magoti. "Asante, shemeji! Mungu akubariki!"

"Mradi una zahanati arobaini," Joviana akaendelea. "Tukifika kila moja, yeye ndiye atakayeanza kusema: kisanduku hiki ni cha nani, na alikichukuaje. Kesho tunaanza Ngenge."

Rugemalira akamgeukia Bi Theopista, akaomba afukuzwe.