Mwizi wa Albamu

Zamani zile mtaani Kaptembwo, mgeni alipewa albamu kabla ya chai, apekue picha asichoke kungoja. Na kila jirani alijua: Mama Wariara akishaaga, kagua albamu yako. Mkono wake ulikuwa mrefu! Picha ikimpendeza aliichomoa kwenye plastiki, akaisukuma ndani ya blauzi, kisha akanywa chai na kuomba kikombe cha pili. Jirani yake, mamake Awuor, alimgombeza mpaka akachoka, halafu wakaenda sokoni pamoja kununua mboga za sukuma.

Ndipo uchaguzi ukaleta vita vya kikabila. Nyumba ya kina Awuor iliteketea na vyote vilivyokuwa ndani, nao wakakimbilia kijijini kwao Siaya na nguo walizovaa. Mama alifia huko bila kupigwa picha nyingine. Kila alipoona kamera alijificha, akisema yeye si yule tena. Miaka ikapita, na jambo moja likaanza kumtisha Awuor: sura ya mamake ilikuwa inamtoka. Sauti aliikumbuka, mikono pia. Uso, la.

Basi akamtafuta yule mwizi mpaka mtaa wa Free Area, alikohamia. Alibisha mlango. Majirani wa kabila lake na la kina Awuor walikuwa wameachana vibaya mwaka ule wa vita, na hakujua kama angepokewa au angefungiwa nje.

Mama Wariara, sasa mvi tupu, alimkodolea macho. "Si wewe ni Awuor? Awuor wa Mama Odongo! Ingia, mtoto wangu, ingia. Chai iko kwa jiko." Akamwekea albamu mapajani, akaenda zake jikoni.

Awuor akafunua. Mama anaanua nguo kwenye kamba. Mama anamsuka Awuor, na Awuor amenuna. Kakake Odongo na sare ya shule, soksi moja imeshuka. Akiba haiozi, hata ya wizi! Kisha mama peke yake, anacheka, pengo la meno liko wazi, macho yamefinyana. Ndiye. Ndiye kabisa. Awuor akalia kwa sauti bila aibu.

Mama Wariara alirudi na birika, akasimama mlangoni.

"Mamako alinitukana sana juu ya hizo picha," akasema polepole. "Beba zote. Ni zenu."

Awuor akamshika mkono, kicheko na machozi vikigombania uso wake.

"Asante kwa kuiba, Mama Wariara. Ungekuwa mwaminifu, leo singekuwa na mama."