Gari Lisilokaliwa na Mtu

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, na nimeyaapia. Nimeapa kwa Dafina, mwenye baa pekee ya kijiji chetu cha Kamen Dol, kofia yangu ikiwa juu ya kaunta, kwamba ikipatikana chembe moja ya uongo humu, kila aliye ndani atakunywa kwa mfuko wangu. Na pensheni yangu mnaijua: ikiingia asubuhi, jioni imeshaaga. Mtu wa pensheni hiyo hachezi na viapo.

Basi. Velcho Drangov, mstaafu wa machimbo ya mawe, alikuwa na mke aitwaye Gergina, na Gergina alikuwa mke wake wa pili. Wa kwanza, Stamena, alifariki mapema akaacha nyumba yenye kila kitu: masufuria, kitanda, mapazia, mpaka aproni iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Gergina aliingia humo kama mtu anayevaa koti la mwenzake. Gauni lake la harusi lilikuwa la dada yake, pete ya mama mkwe. Majirani wenye midomo walisema, naye akicheka pamoja nao, kwamba hata bwana aliletewa akiwa keshavaliwa.

Hakulalamika. Lakini basi la kwenda mjini Vratsa lilipofutwa, aliuza shamba la mizabibu aliloachiwa na babake, akaziweka pesa mezani na kuzifunika kwa kiganja.

"Velcho, tununue gari."

"Tununue."

"Ila liwe jipya. Dogo, la bei ya chini, hata lisiwe na redio. Mradi asiwe amelikalia mtu kabla yangu. Umri huu niliofika, kila nilichokikalia nilikikuta na joto la mwingine."

Velcho akasema sawa. Angesema nini? Pesa za mke, na ombi lenyewe ni hilo moja.

Akaomba lifti mpaka Sofia, amevaa koti lake la kwendea mazishini. Kwenye duka la magari mapya sakafu ilikuwa nyeupe inang'aa kama sahani. Alipogeuka nyuma aliona nyayo zake za tope zimemfuata tangu mlangoni, na binti wa usafi anazifuta moja moja kimyakimya. Kuanzia hapo Velcho alitembea kwa ncha za vidole.

Gari ambalo pesa zao zilitosha lilikuwa moja tu, jeupe, limejikunyata pembeni. Akaingia. Magoti yakagonga usukani.

"Kiti hiki hakisogei nyuma?"

"Hapo ndipo mwisho, mzee," akasema kijana wa dukani.

"Redio?"

"Unaongeza kidogo."

"Mazulia ya chini?"

"Unaongeza kidogo."

"Na magurudumu je, yamo?"

Kijana hakucheka. Velcho aliona masikio yake mwenyewe yanapata moto, akasema atakwenda kufikiri, akatoka, bado kwa ncha za vidole.

Huko kwenye kufikiri ndiko alikokutana na Lyubo. Lyubo alikuwa anauza magari yaliyotumika kwenye uwanja wa kokoto nje ya mji, jitu nene lenye kuvaa ndala katikati ya baridi ya Machi. Alimwonyesha gari jeusi la Kijerumani, refu, viti vya ngozi, milango inajifunga taratibu kama mtumishi anayetoka chumbani kwa bwana wake. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya lile jeupe.

"Mwenyewe alikuwa mjane wa mchungaji," Lyubo akasema. "Kanisani na kurudi. Kanisani na kurudi. Jumatatu mpaka Jumamosi lililala chini ya shuka."

Velcho akaketi, na magoti yake yakapata nafasi ya kupumua. Akapiga hesabu. Kwa pesa itakayobaki angeezeka upya paa, lile lililokuwa linavuja juu ya kitanda mpaka Gergina analala na beseni miguuni. Kwa hesabu hakukosea, na hata leo mimi namtetea. Mtu mwenye pesa kidogo hununua kinachombeba. Angerudi nyumbani akasema, "Mama, lile jipya ni kibweta cha viberiti, nimechukua hili," angepigwa kelele siku mbili, ya tatu angepewa supu.

Lakini alikikumbuka kile kiganja cha mkewe juu ya pesa. Akaingia duka la pembejeo akanunua nailoni, ile ya kujengea mabanda ya nyanya, akarudi kwa Lyubo na mkasi, akavifunika viti vyote.

"Unafunika nini, bwana?"

"Vumbi."

Lyubo akautazama mkasi. "Aa. Una mke," akasema, kisha akamuuzia na kichupa cha manukato yenye harufu ya gari jipya. Nacho hakikuwa rahisi.

Gergina alikuwa amesimama langoni tangu mchana na birika la shaba lenye maji na tawi la maua. Akayamwaga maji mbele ya magurudumu ili safari ziwe nyororo, akafunga uzi mwekundu kwenye kioo. Kisha akafungua mlango, akaigusa ile nailoni.

"Hata hawajaitoa," akasema polepole.

Akaketi. Nailoni ikalia chini yake kwa sauti ya karatasi. Akaweka mikono mapajani kama msichana anayepigwa picha, machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Velcho alisimama nje ameshika funguo, na hapo aibu ikamwingia. Haikuingia kwa kishindo. Ilimwingia kama maji yanavyoingia kwenye kiatu kibovu: unatembea tu, baadaye unagundua huna sehemu kavu.

Na sheria ya kijiji haina huruma. Gari lisilonyweshewa halifiki mbali. Aliyenunua lazima awanyweshe watu. La mtumba unatoa chupa ya rakia, pombe yetu kali, na achari, mambo yameisha. Jipya ni mwanakondoo.

"Velcho, hili ni la mwanakondoo," akasema mkuu wa kijiji, akizunguka gari mikono nyuma. "Tena anenepe kidogo, maana gari lenyewe refu."

"Milango inafunga kama kabati la waziri," akasema mwingine. "Ulikuwa unatuficha, ndugu yangu. Tukidhani unakula maharage kwa sababu ya ufukara."

Velcho akachinja. Watu wa kijiji jirani wakanusa moshi wakaja kulitazama gari, akachinja wa pili. Katika kila meza Gergina alipita na mkate wa jibini akisema, "Kuleni, hakuna aliyelikalia kabla yangu." Velcho alipewa glasi juu ya glasi, zote akazisukumia kwa jirani. Nusu ya paa ililiwa siku ile na haradali, na nusu nyingine Velcho aliifukia bustanini ndani ya kopo, kwani ingefikaje kwa fundi wakati mke anajua gari limemaliza pesa zote?

Ikawa hivyo masika nzima. Gergina alikataa nailoni kutolewa. Kila Jumapili aliipangusa kwa kitambaa chenye siki, akavaa viatu safi kabla ya kuingia, na kwenye kona alikuwa akiteleza huku na huku anacheka. Mvua ikinyesha, walilala wakisikiliza matone ndani ya beseni.

"Si kitu," alikuwa akimwambia mumewe gizani. "Gari tunalo."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Velcho alikonda. Akaanza kuzunguka kwa nyuma ya kanisa ili asipite mbele ya watu, yeye mwenye gari zuri kuliko yote kijijini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kiapo changu kinapofanya kazi. Siku ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji cha dada yake, Gergina alipakata keki, wakaondoka. Walipofika kwenye baa ya njia panda, gari likasimama. Lenyewe. Velcho hakugusa kitu. Likatulia mbele ya mlango wa baa, likapumua, taa zikafifia kama macho ya mtu anayengoja ahudumiwe. Akaliwasha, likaenda. Baa ya pili, likakata kona lenyewe, likaegesha kivulini, mahali pazuri kabisa, kama linalojua pa kukwepa jua la jioni. Ya tatu likapiga na honi mbili kumwita mhudumu.

Gergina aliitazama dashibodi, akamtazama mumewe.

"Velcho. Gari jipya limejifunza wapi ulevi?"

Yule mjane wa mchungaji, kumbe alikuwa mlevi wa baa! Velcho alishika usukani kwa mikono miwili kichwa chini, na yote yakamtoka: kokoto, ndala za Lyubo, nailoni, manukato, kopo la bustanini. Gergina hakupiga kelele. Aliiweka keki juu ya dashibodi, akashika ukingo wa nailoni akaivuta mpaka ikachanika. Chini yake ngozi ilikuwa imebonyea kwa umbo la makalio ya mtu mwingine, mapana, na palikuwa na tundu la sigara.

"Wewe nilikuchukua ukiwa umetumika," akasema. "Lakini wewe uliniambia mwenyewe, kabla ya kanisa, umesimama na kofia mkononi. Ndiyo maana sijawahi kulalamika. Hili umelificha."

Akashuka na keki yake akaenda kwa dada yake kwa miguu, na Velcho akamfuata nyuma kwa gia ya kwanza, dirisha wazi.

Hapo ndipo nilipofika kwenye kusimulia, nami nainua mkono nianze la honi upya kwa sababu lilipendwa, ndipo nikaona macho ya Dafina yamehamia mlangoni. Gergina mwenyewe alikuwa amesimama pale, ameshika pampu. Nje ilikuwepo baiskeli yake mpya ya buluu aliyoinunua dukani, karatasi bado imezungushwa kwenye tandiko. Nyuma ya baiskeli, gari jeusi limeegeshwa, Velcho ndani, anatazama mbele. Humfuata hivyo kila aendako, mwendo wa baiskeli, na kushuka hashuki.

"Gari lilisimama lenyewe?" akaniuliza.

"Shemeji, karibu. Keti kwanza."

"Nimekuuliza, babu."

"Lilisimama lenyewe kidogo."

"Alilisimamisha yeye," Gergina akawaambia watu wote. "Mara tatu. Alivuta breki ya mkono, akafungua mdomo, akaufunga, akaondoa gari. Ya tatu akasema. Sikumuuliza kitu. Baa hazikuwepo, palikuwa na alizeti pande zote mbili." Akanigeukia. "Jambo moja amelifanya kiume mwaka huu mzima, na wewe sifa yake umeipeleka kwa gari."

Kofia yangu ilikuwa bado juu ya kaunta, Dafina akaigeuza juu chini, akaanza kupanga glasi. Alizipanga taratibu, huku ananitazama, mpaka kaunta ikajaa. Nilitoa pensheni, nikaihesabia humo ndani ya kofia, na masikio yangu, nakiri, yalipata moto.

"Na wewe, shemeji, utakunywa nini?"

"Limonadi. Chupa ambayo haijafunguliwa."

Aliifungua mwenyewe. Akanywa nusu, akafuta mdomo, akasukuma glasi moja ya rakia mbele yangu.

"Hii mpelekee yule nje. Mwambie nimesema ashuke."