Paja la Ayimpen

Kwa miaka thelathini niliwakanda wacheza mieleka wa kijiji chetu, na sikuwahi kumpeleka hata mmoja hospitali. Nilijisifu kwa hilo bila haya. Wauguzi wa zahanati nilikuwa nikiwatania kwamba mimi na mawese yangu tutawafungisha duka.

Mwaka mmoja, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani, Ayimpen, binti wa kaka yangu, alibakiza mapambano mawili tu kuwa bingwa wa wasichana. Kiunoni alikuwa amevaa mkanda wangu wa shanga, ule niliovaa siku nilipotwaa ubingwa mimi. Katika nusu fainali alimbeba mpinzani wake akambwaga chali, kisha naye akaanguka palepale ameshika nyuma ya paja. Alisema amesikia kitu kimekatika ndani.

Walimleta kwenye mkeka wangu wamembeba. Kaka yangu Ampa, ambaye ndiye aliyemfundisha mieleka, hakuwa na shaka yoyote: wapinzani wamemfunga mguu kwa uchawi. Dawa yake kwetu inajulikana. Namkanda kwa nguvu, anainuka, anacheza ngoma akizunguka uwanja mara tatu, kifungo kinakatika.

Nikachota mawese. Nilipopitisha vidole pajani, vikatumbukia. Katikati ya msuli palikuwa na shimo la kuingia kidole gumba, na juu yake nyama imejikunja donge. Nikamwambia akanyage. Hakuweza hata kuweka unyayo chini. Msuli uliovutika naujua vizuri: unauma, lakini mtu anachechemea, na siku mbili tatu akipumzika unalegea. Huu ulikuwa umekatika.

Nikafuta mikono.

"Sikandi," nikasema. "Huyu ni wa hospitali, sasa hivi."

"Dada, usinitie aibu mbele ya watu," Ampa akaninong'oneza. "Tangu lini wewe ukashindwa na paja?"

"Tangu leo. Kalete gari."

Ayimpen alinishika mkono akilia. "Shangazi, nikande tu kidogo. Limebaki moja."

Moyo uliniuma, maana mkanda ule nilitaka ushinde tena. Lakini nilimfunga paja kwa kitambaa cha maji baridi, nikauinua mguu wake juu ya mto, nikaketi kati yake na baba yake mpaka gari likafika. Waliokuwa upande wa pili walinizomea, kwamba bibi mkandaji kaogopa. Niliwaacha wazomee.

Daktari wa mjini alimshona msuli. Alisema ningemkanda, damu ingezidi kumwagika ndani, na labda asingecheza mieleka tena maishani. Aliuliza nani aliyemzuia asisimame. Ampa akanionyesha kwa kidole, na kidole kile nilikifurahia kuliko sifa zote za uwanjani.

Mwaka jana Ayimpen alirudi na mkanda uleule, akamwangusha kila aliyesimama mbele yake. Baada ya fainali alinijia anachechemea, bingwa mzima uso umemsawijika kwa hofu, ameshika paja la pili. Uwanja mzima ukatazama mikono yangu. Nikapapasa taratibu kutoka gotini hadi juu. Hapakuwa na shimo. Nikamwambia akanyage, akakanyaga. Nikachota mawese.

"Pumua, mwanangu," nikamwambia. "Hili ni la kwangu."