Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Zilianza kokoto. Zilisagika taratibu chini ya matairi mapana, tangu langoni hadi katikati ya uwanja, na juu ya mlio huo hapakusikika injini. Matairi yakatulia. Ndani ya gari mtu akakohoa kikohozi kikavu, kama anayeomba njia.

Wanaume watatu walikuwa wamesimama nyuma ya karakana ya matairi, wamelipa gari kisogo, nyuso zao zikitazama ukuta. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao kila Jumamosi asubuhi. Gari jipya likiletwa, hakuna aliyeruhusiwa kuligeukia kabla ya kusema alichosikia, kwa sababu macho, walivyoamini wao, huhongwa upesi na rangi.

"Silinda sita," alisema Makanika. "Inapumua kama mtoto aliyeshiba."

"Mimi sijaisikia kabisa," alisema Daktari wa meno.

"Ndiyo sifa yake hiyo."

Wa tatu alikuwa dereva mstaafu. Walimwita Mzee Indiketa kwa sababu hakuwahi kusema neno bila kuinua kwanza mkono mmoja. Aliinua wa kushoto.

"Na aliyekohoa?"

"Fundi Viti," alisema Makanika.

"Si tulimzika?"

"Tulimzika, mzee."

"Basi sawa," alisema Mzee Indiketa, akashusha mkono. Wakageuka.

Lilikuwa sedani kubwa ya rangi ya wino, ndefu, imeinama kidogo mbele kama mnyama anayekunywa maji. Mkandarasi alishuka, akafunga mlango kwa kidole kimoja, akaenda kusimama kando na ufunguo mkononi. Mwenye gari hakuruhusiwa kusema mpaka waamuzi wamalize, na Mkandarasi, japo uwanja ule ulikuwa wake, aliiheshimu kanuni hiyo. Kwenye kiti cha nyuma, upande wa kushoto, alikaa Fundi Viti, amefunga mkanda. Alivaa ovaroli yake ya bluu yenye sindano zilizochomekwa kifuani, na mapajani alipakata robota la ngozi. Bega moja lilikuwa na vumbi la barabarani. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, wa pili ulikuwa na soksi tu.

Aliwapungia mkono. Nao wakampungia.

Alipokuwa hai, Fundi Viti alikuwa mwamuzi wa nne. Kazi yake ilikuwa kushona na kujaza viti vya magari, kwa hiyo siti ya nyuma ilikuwa fungu lake, na hakuna mwingine aliyeigusa. Tangu azikwe, siti za nyuma za magari yote zilikuwa zikipita bila kutolewa neno, na Mzee Indiketa alilalamika mara kwa mara kwamba hukumu zao sasa ni za nusu gari.

"Leo tumetimia," alisema, akaingia mbele.

Wakaanza kulipima. Daktari wa meno alikaa nyuma ya usukani, akapitisha kiganja juu ya dashibodi.

"Mbao hii, jamani. Tazameni mishipa yake."

"Mbao gani?" alisema Makanika, kichwa chake kikiwa chini ya boneti. "Hiyo ni plastiki imevaa suti."

"Wewe kwako kila kitu plastiki."

"Na wewe mdomoni mwa watu unaweka nini?"

Fundi Viti alicheka kule nyuma. Kicheko chake hakikuwa kimebadilika. Kilianza puani na kuishia kwenye mabega.

Mzee Indiketa alichukua usukani, akalizungusha gari uwanjani. Alilipitisha juu ya tuta, kisha kwenye shimo, kisha akalipiga breki ghafla ili aone kama litainamisha pua. Halikuinamisha. Aliporudi alisema usukani ni mwepesi, gari ni tulivu, linageuka mahali padogo kuliko urefu wake, ila nyuma upande wa kushoto limelala kidogo.

"Ni mimi," alisema Fundi Viti. "Nisamehe."

"Si kosa lako. Shokabu za siku hizi."

"Inaongeza ulaji wa mafuta?" aliuliza Daktari wa meno.

"Kidogo sana," alisema Makanika. "Kama mtu mzima mmoja."

Kisha wakamgeukia Fundi Viti, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika. Alibonyeza sponji kwa ngumi, akaiacha ipande. Alipitisha ukucha kwenye mshono kutoka juu hadi chini.

"Ngozi ni halisi," alisema. "Sponji nzuri, haijachanganywa na vipande. Ila uzi ni mwembamba. Kwa mtu anayepanda na kushuka, utakatika. Kwangu mimi utadumu."

"Nafasi ya miguu?"

"Ipo. Nanyoosha." Akaunyoosha mguu wenye soksi.

Sasa Mkandarasi angeweza kuulizwa. Daktari wa meno alitaka kujua kama Fundi Viti alikuja na gari au alipanda baadaye.

"Alikuwa kwenye lile la zamani," alisema Mkandarasi. "Tangu wiki iliyofuata mazishi, na sikulileta tena hapa. Nikaliuza, nikadhani atabaki nalo. Nilipokwenda kuchukua hili, nilimkuta ameshakaa, mkanda ameshafunga. Wauzaji wakaangalia kitabu cha dhamana. Injini imo, gia imo, rangi imo. Abiria hayumo."

"Anakusumbua?"

"Hapana. Ni mstaarabu. Wakati mwingine ananiambia niangalie kushoto."

Wakatikisa vichwa. Ilionekana ni ushauri mzuri.

Fundi Viti aligongwa na gari jioni moja akitembea pembezoni mwa barabara, akielekea kwake, robota la ngozi begani. Gari halikusimama. Jumamosi iliyofuata wenzake walifungua boneti za magari yote yaliyokuwapo uwanjani, wakasimama kimya mbele ya injini zilizo wazi. Hivyo ndivyo walivyomuaga mwenzao. Mkandarasi naye alifungua boneti ya gari lake la zamani, akalia kuliko wote. Walipozifunga, Daktari wa meno aligundua kwamba gari la Mkandarasi lina taa mpya ya mbele, upande wa kushoto, na bampa ambayo rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri. Ndipo ubishi ulipozuka. Daktari wa meno alisema taa ile ni ya kiwandani. Makanika alisema ni ya bandia. Walichuchumaa mbele yake, wakaimulika, wakaigonga kwa kucha, wakailinganisha na ya kulia. Jua liliwakuta hapo likawaacha hapo. Mwishowe Makanika alishinda, kwa kuonyesha kuwa kioo chake kina umanjano ambao kioo cha kiwandani hakina, na wote wakampongeza. Hakuna aliyeuliza ile ya kwanza ilivunjwa na nini.

Mtu angeweza kusema walisahau. Lakini malori ya Mkandarasi yalitengenezwa kwenye gereji ya Makanika, na bila malori hayo gereji ile ingekuwa kibanda cha kubadilishia oili. Kliniki ya Daktari wa meno ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la Mkandarasi. Mkwe wa Mzee Indiketa aliendesha greda la Mkandarasi, na mke wa huyo mkwe alikuwa mjamzito. Kusahau kulikuwa na miguu minne imara, kama gari lolote zuri.

Mke wa Fundi Viti aliingia langoni wakati wanajadili buti. Jirani yake, mshonaji, alikuwa amemwambia kuwa mumewe amepita barabarani ndani ya gari jeusi, ameketi vizuri, hana wasiwasi. Alikuja kwa miguu. Mkononi alishika kiatu kimoja cha mwanamume, kile ambacho watu walikiokota mtaroni baada ya mwili kuondolewa.

"Karibu, shemeji," walisema wote.

"Asanteni." Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la nyuma. Kioo kilishuka chenyewe, bila sauti, na Daktari wa meno alilitambua jambo hilo kama sifa nyingine.

"Baba watoto."

"Mama watoto."

"Umekonda."

"Ni kivuli cha humu ndani. Vioo vimetiwa giza."

"Shuka twende nyumbani."

Fundi Viti alivuta kitasa. Mlango haukufunguka. Makanika alimwambia asihangaike, ni kufuli la watoto, akazunguka, akaliondoa, na mlango ukafunguka wazi. Mwanamke alipiga magoti kwenye kokoto, akamvika mumewe kiatu, akafunga kamba kwa fundo analolipenda. Fundi Viti aliweka robota kando, akatoa mguu nje. Mguu ulishuka, ukasimama hewani, upana wa kiganja kutoka ardhini, kana kwamba pana kioo pale. Alijaribu tena kwa uzito wake wote. Gari likayumba. Mguu haukugusa chini.

"Kumbe si mlango," alisema. "Ni yeye. Lazima aseme. Akisema mbele yako, nitashuka."

"Aseme nini?"

"Anakijua."

Mwanamke aliinuka, akajipangusa magoti, akamtazama Mkandarasi. Alikuwa mtu mpole kwa kawaida. Sauti yake haikupanda.

"Kaka, mume wangu anasema kuna neno unalo."

Mkandarasi aliugeuza ufunguo kiganjani. "Shemeji, nimeshawaeleza hawa. Nilimkuta ameketi."

"Hilo nimelisikia. Nakusubiri useme lingine."

"Sina lingine."

Aliwageukia wale watatu, mmoja mmoja, kama anayewasalimia upya.

"Ninyi husimama ukutani mkalijua gari kwa kulisikia tu. Mume wangu alikuwa akiniambia, akijivunia. Hebu niambieni. Gari gani lilimgonga?"

Mzee Indiketa aliinua mkono wa kulia. Wakamsubiri. Aliushusha bila kusema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ile taa ilikuwa ya bandia," alisema Makanika.

"Taa gani?"

"Ya mbele, kushoto. Ya gari lake la zamani. Tulibishana siku nzima."

"Siku gani?"

"Jumamosi ile. Baada ya mazishi."

"Na ile ya kwanza ilivunjwa na nini?"

Kwa mara ya kwanza swali hilo lilisikika uwanjani pale, na lilikuwa swali fupi tu. Makanika aliona gereji yake. Aliona mafundi wake wamekaa juu ya matairi, mikono safi. Akamwona Fundi Viti, aliyekuwa akimtazama bila hasira, mguu mmoja nje ya gari, kama mtu anayengoja basi la rafiki yake.

"Sikuuliza," alisema.

"Muulize sasa. Yuko hapo."

Makanika alichukua tambara mfukoni, akaifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. Aliifuta mbele, akaifuta nyuma, akaingia katikati ya vidole.

"Tumalize kwanza gari, shemeji," alisema.

Wakamaliza gari. Walikubaliana kwamba tangu waanze kukutana, sedani ya ukubwa huo, tulivu namna hiyo, haijawahi kuingia uwanjani mwao. Daktari wa meno alipendekeza liwe gari bora la mwaka. Mikono ikainuka, wa Daktari kwanza, wa Mzee Indiketa, wa Makanika mwisho na chini kidogo kuliko mingine. Wakamtazama Fundi Viti, maana kura ya siti ya nyuma ilikuwa yake. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Hajakataa," alisema Daktari wa meno.

"Hajakubali pia," alisema mwanamke.

Hilo nalo lilikuwa kweli, wakaliacha lilivyo.

Fundi Viti aliurudisha mguu ndani. Alilipakata robota lake, akamwambia mkewe asisimame juani, akauvuta mlango mwenyewe. Ulifungwa kwa mlio mdogo, mnene, kama kitabu kinene kinachofunikwa.

"Mlango unafungwa vizuri," alisema Mzee Indiketa, bila kuinua mkono wowote.

Mwanamke hakuondoka. Alisimama karibu na dirisha, kiganja juu ya kioo, na kwa ndani Fundi Viti aliweka chake. Hapo ndipo Mkandarasi alipomkaribia. Macho yake yalikuwa mekundu, na wote waliokuwapo waliona kwamba hakuwa akiigiza. Alikuwa na moyo wake, kama watu wengine.

"Shemeji," alisema, "najua nyumba yako. Ile ya kona, kabla ya daraja. Huwa napita pale."

"Najua unapita pale."

"Kila Jumamosi, nikitoka hapa, nitapita naye. Kaa barazani, wewe na watoto, mtamwona upande wenu." Aliuweka mkono kifuani, juu ya shati, akasema kwa sauti ya kutosha ili na wale watatu wasikie. "Nakuahidi, shemeji, mbele ya hawa. Nikifika pale kwako, nitapunguza mwendo."