Karata Iliyolala

Koti lilitangulia kuingia, ndivyo ninavyokumbuka. Jeusi, limechakaa viwikoni, na ndani yake kijana nisiyemjua, mwembamba kuliko koti lenyewe. Mjomba aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaitambua mishono yake kabla ya kumtazama mtu usoni.

“Ulimshonea baba,” mgeni alisema. “Halafu ukamla kwenye meza ya karata.”

Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, bado naamini hakuna chuki isiyoyeyuka kwa mazungumzo. Nikamsogezea kiti.

Wacheza poka walimwita mjomba Jiwe, maana uso wake haukusema kitu. Fundi viatu, jirani yetu, aliwahi kunisimulia jinsi Jiwe alivyomfilisi mtu akabaki na koti tu, kisha akamwambia mbele ya watu abaki nalo, atazikwa nalo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

“Ulimwambia atazikwa nalo. Hakuzikwa nalo,” mgeni alisema. “Mama aliona litanifaa mimi.”

Alitaka mgao mmoja tu wa poka. Dau lake lori analoendesha. Dau la mjomba duka na cherehani zote mbili, ile yake na ile ya mama yangu, dada yake, iliyotulisha na kunisomesha. Nilimsihi mjomba akatae. Akaniambia nigawe karata, na nisisahau ahadi niliyompa aliponifundisha mchezo: karata iliyolala haifunuliwi. Mchezaji akilaza karata zake amekubali kushindwa, na alichokuwa nacho ni siri yake.

Fundi viatu na kinyozi walikuja kushuhudia. Mama alisimama mlangoni, kitambaa cha mteja begani.

Jiwe alikuwa na ufa mmoja, nami peke yangu niliujua. Akishika karata mbovu, hukaza subana, ile kofia ya chuma inayokinga kidole cha fundi na sindano. Akishika za ushindi, huivua.

Mgeni alisukuma funguo za lori katikati ya meza. Mjomba alitazama karata zake, akavua subana, akaiweka kando kama aliyemaliza kazi ya siku. Moyo wangu ukatulia. Kisha akatazama viwiko vya lile koti. Akavitazama sana. Akalaza karata.

Mgeni alifunua zake: takataka tupu, hata jozi hakuna.

“Kumbe jiwe lenyewe udongo,” kinyozi alisema, wakacheka yeye na fundi viatu. Mgeni hakucheka. Aliokota subana, akamrushia mjomba kifuani.

“Hii baki nayo. Utazikwa nayo.”

Mjomba alipiga magoti kuitafuta sakafuni. Mama alinijia mimi.

“Mwanangu, alikuwa na nini?”

“Funua, msomi,” mgeni alisema. “Tuone mjomba wako aliogopa nini.”

Karata za mjomba, nilizozivuta kama mgawaji, zilikuwa chini ya kiganja changu. Kidole kimoja kingetosha. Mjomba, bado amepiga magoti, hakugeuka.

Mama alirudia swali, taratibu, kama anayemuuliza mtoto mgonjwa. Tangu siku ile hajaniuliza tena, wala hajamwita mjomba kaka. Humwita yule mwoga, na mimi huniita mwanafunzi wake.

Karata nilizichukua zikiwa zimelala vilevile, nikazichanganya na nyingine.