Mboni ya Mke wa Mtunza Bustani

Mtunza bustani alipoutazama uso wa mkewe, moyo ulimpasuka: mboni ya jicho la kulia ilikuwa imetanuka kama shimo, na ya kushoto imebaki ndogo kama punje ya mtama. Asubuhi nzima walikuwa wakikata vipandikizi vya ua la tarumbeta, mmea wa maua meupe makubwa yanayoning'inia.

“Bwana, jua linaniumiza. Sioni vizuri.”

“Yarabi, kiharusi!” Akamkokota hadi zahanati, dua ikimkatikia ulimini.

Tabibu alimmulika jicho, akamtaka atabasamu na ainue mikono yote miwili. Akaweza. “Mlikuwa mkishika nini?”

Mume alieleza.

“Na jicho ulilifikicha, mama?”

“Liliniwasha.”

“Basi si kiharusi. Utomvu wa mmea huo ni sumu, ndio uliotanua mboni. Itarudi baada ya siku chache.”

Mume alishusha pumzi, machozi yakamlengalenga. Alipoinua mkono ayafute, mkewe aliudaka.

“We mzee! Unataka tuongozane vipofu wawili? Kanawe kwanza!”

Akavitazama vidole vyake, vingali vinanata utomvu, hofu ikamrudia upya.